Giorgio Morandi na Ufundi wa Kuchora Chupa

Giorgio Morandi alizaliwa mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, tarehe 20 Julai 1890, na akafia mji huohuo tarehe 18 Juni 1964. Kwa zaidi ya miaka 40 alichora vitu vilevile: chupa, makopo, mabakuli, mabirika, visanduku na taa za mafuta, vyote vikiwa vimepangwa juu ya meza. Alichora maua na vilima pia, lakini jina lake limejengwa na chupa. Picha zake za rangi ya mafuta zinapita 1,300; nyingi ni ndogo kiasi cha kubebwa kwapani, na karibu zote za vitu vya mezani alizipa jina lilelile la Kiitaliano, Natura morta, yaani picha ya vitu visivyo na uhai. Anayesikia hayo bila kuziona hudhani ni kazi ya kujirudia. Ukweli ni kwamba wachache katika karne ya 20 waliufikisha mbali hivyo ufundi wa kutazama.

Baba yake alifariki mwaka 1909. Morandi, aliyekuwa bado mwanafunzi katika chuo cha sanaa cha Bologna, alibaki na mama yake na dada zake watatu. Hakuoa. Familia iliishi katika nyumba ya mtaa wa Via Fondazza, na chumba alichochorea ndimo alimokuwa akilala. Alifundisha kuchora katika shule za msingi, kisha kuanzia 1930 hadi 1956 akawa mwalimu wa uchapaji wa michoro katika chuo alichosomea. Majira ya joto alikwenda Grizzana, kijiji cha milimani kusini mwa Bologna. Nje ya Italia hakutoka hadi 1956, alipokwenda Uswisi, umri wake ukiwa umeshapita miaka 60. Hata Paul Cézanne, aliyemheshimu kuliko wachoraji wote wa kizazi kilichomtangulia, alimjua kwanza kupitia picha zilizochapishwa vitabuni.

Kazi yenyewe ilianza muda mrefu kabla ya brashi kugusa turubai. Vyombo alivyovichagua vilikuwa vya kawaida kabisa, vingine vikuukuu. Alivibandua lebo, akavipaka baadhi yake rangi isiyong'aa, na chupa za kioo akazimiminia rangi ndani ili zisipitishe mwanga wala kuakisi dirisha. Vumbi aliliacha litue, likafanya kazi ileile ya kuua mng'ao. Chombo kikishavuliwa maandishi, mng'ao na thamani ya dukani, kinabaki umbo, kivuli na nafasi kinayoichukua. Hayo ndiyo aliyotaka kuyachora.

Kisha kupanga. Alikuwa na meza za vimo tofauti, kwa sababu bakuli likitazamwa kutoka juu ni kitu kimoja na likiwa usawa wa macho ni kingine. Juu ya meza alitandika karatasi, na kila chombo kilipopata mahali pake alizungushia kitako chake alama ya penseli. Karatasi hizo zimehifadhiwa, zimejaa miduara na miraba iliyopandana, ushahidi wa chupa moja kusogezwa upana wa kidole, kurudishwa, na kusogezwa tena. Mpango mmoja ungeweza kumchukua siku nyingi. Turubai alizitandaza mwenyewe na rangi alizisaga mwenyewe.

Katika picha zake za miaka ya 1950 vyombo husongamana katikati ya meza kama familia iliyoitwa kupigwa picha, na pembeni kunabaki nafasi tupu. Ukitazama kwa karibu utaona ukingo wa kisanduku umekwenda sawasawa na bega la chupa iliyo nyuma yake, hata jicho lisijue kipi kiko mbele. Mahali pengine vyombo viwili vya rangi zinazokaribiana hukutana, na mstari wa kuvitenganisha hutoweka. Kivuli kati yao huchorwa kizito kama chombo chenyewe. Rangi ni za chokaa, udongo, kijivu na waridi lililofifia. Mdomo wa chupa hauko sawasawa, na nyayo za brashi hazikufichwa. Katika mfululizo wa mwaka 1952 aliingiza kitambaa cha njano, na rangi hiyo moja ikabadilisha uzito wa kila kitu kilichokuwa jirani nayo.

Sehemu ya ufundi huo ilitoka kwenye michoro ya kuchapwa kwa bamba la shaba. Mchoro wa aina hiyo huchorwa kwa sindano juu ya bamba lililopakwa nta, asidi ikala mistari, kisha wino ukachapwa karatasini. Hakuna rangi ya kijivu humo. Kuna mistari tu, iliyokaribiana au iliyoachana. Morandi, aliyejifunza mengi kwa Rembrandt, alijua kupata giza la aina nyingi kwa kupishanisha mistari hiyo.

Je, huyu ni mchoraji wa uhalisia? Takriban mwaka 1918 na 1919 alikuwa karibu na kundi la Giorgio de Chirico na Carlo Carrà, lililochora ulimwengu wa ndoto, lakini hakukaa huko. Baada ya Vita Kuu ya Pili wasanii wa Italia waligawanyika: wengine, kama Renato Guttuso, walidai sanaa ioneshe wafanyakazi na mapambano yao, wengine walifuata maumbo yasiyofanana na kitu chochote. Mwaka 1948 Palmiro Togliatti, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, alishambulia hadharani maonyesho ya sanaa ya kisasa yaliyofanyika Bologna kwenyewe. Mwaka huohuo Morandi, asiyekuwa upande wowote, alipewa tuzo ya uchoraji katika maonyesho ya Venice. Maonyesho ya São Paulo yalimtuza kwa michoro ya kuchapwa mwaka 1953, na kwa uchoraji mwaka 1957. Uhalisia wake ulikuwa mkali kuliko wa wengi waliolitumia neno hilo: hakuchora asichokuwa nacho mbele ya macho.

Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Bologna mwaka 1993, na nyumba ya Via Fondazza nayo iko wazi, vyombo vikiwa chumbani. Atakayejaliwa kufika aanze na chumba hicho, ndipo aende kwenye picha. Akishaviona vyombo vyenyewe, atapima kwa macho yake mchoraji aliondoa nini na aliacha nini.