Data ya serikali kwa OpenStreetMap: nani ameyaangalia maji?

Wenzangu, kuna wazo moja linanisumbua: eti kama serikali inatoa data ya mito bure, kazi ya ramani imeisha, inabaki kubonyeza tu. Tuangalie Marekani, walikofanya hivyo kweli.

Data yao inaitwa NHD, ni ya USGS, ofisi yao ya jiolojia. Sehemu kubwa ilitoka kwa ramani za karatasi za 1/24 000. Kisheria hakuna kizuizi, iko ya watu wote. Shida iko kwa maji yenyewe. Ramani ya zamani inabakisha bwawa lenye lilikwisha kufukiwa. Wenye walipakia mafungu mazima bila kuangalia walituachia vijito vinakata barabara bila daraja wala bomba. Kanada njo ilikuwa mbaya zaidi kwa macho: data ya CanVec ilikuja imekatwa kwa mipaka ya karatasi, ziwa moja likagawanyika vipande, kingo zimenyooka kama zimekatwa na kisu!

Wengine walienda kwa mkono. Unachukua bonde moja, unaweka picha ya satelite nyuma, unafuata mstari kwa mstari: mto unashukia wapi (kwa OpenStreetMap mstari lazima ufuate maji), unaingia ziwa gani, kuna mtu alikwisha kuuchora? Ni polepole, inachosha. Lakini minaona hiyo tu njo inastahili sifa.

Sasa jambo la sisi watu wa kilimo. NHD ina kodi 46006 kwa mto wa maji ya mwaka mzima, 46003 kwa ule wa msimu. Ukipakia na kusahau kuandika kwamba ni wa msimu, ramani inasema maji iko kiangazi na masika. Mtu anapanga bustani ya mboga juu ya hiyo mistari, halafu mwezi wa 7 anakuta mchanga. Hata kazi ya mkono haimalizi hiyo shida, kwa sababu picha ni ya siku moja tu.

Kwetu Kongo mito mingi ilichorwa na watu wa mbali, kwa satelite. Picha haisemi jina la mto. Njo maana siku ofisi fulani itafungua faili yake ya mito, tutatamani kupakia yote usiku mmoja. Lakini fikirieni Kalehe. Mwezi wa 5 mwaka 2023, maji, mawe na matope vilishuka Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Faili ya mbele ya ile siku, hata ikiwa na stampu ya serikali, itatuonyesha kijito kilipokuwa, si pale kinapita leo. Na watu wanajenga tena.

Mimi ningeanza na hilo bonde. Watu wawili wenye simu ya GPS, na mzee mmoja wa pale anayejua majina. Faili ya ofisi tungeibeba kwa kulinganisha.