Fundi wa Gede na Taa ya Manjano

Apitaye njia kuu ya Mombasa na Malindi, akafika Gede pale inapochepuka barabara ya Watamu, aghalabu huyaona malori yaliyoinamishwa vichwa mbele chini ya miti, wala hadhani kwamba pana kazi ya kutukuzwa; nami sikudhani, mpaka asubuhi ile nilipoketi juu ya gurudumu kuukuu, nikamtazama fundi akitafuta ila ya lori lililowaka taa ya manjano, ambalo kompyuta yake yenyewe ilikuwa imelipunguzia nguvu.

Lori lile lilikuwa na tangi la pili, dogo, lenye kifuniko cha buluu, la maji ya yurea ambayo madereva huyaita AdBlue. Maji hayo hayaingii katika injini. Hunyunyizwa katika ekzosi, joto likayageuza amonia, na amonia ikakutana na oksidi za naitrojeni, ambazo ni sumu ya moshi wa dizeli, ikazifanya naitrojeni tupu na mvuke. Kipimo chake ni yurea 32.5 kwa mia, na kilichobaki ni maji yasiyo na madini kabisa.

Mashine ya kupimia iliitaja sensa ya nyuma, ile ipimayo oksidi hizo katika moshi. Dereva akakata shauri kwamba sensa imekufa, inunuliwe nyingine, au mtambo wote ufungwe kama wafanyavyo wengi, moshi uwaingie vifuani kina mama wauzao maembe kando ya njia. Fundi hakumbishia, alidondosha tone moja la maji ya tangini juu ya kioo cha refraktomita, akakielekeza kwenye mwanga, kisha akanipa nami nitazame: mstari wa kivuli ulikuwa umesimama chini ya 25. Sensa, maskini, ilikuwa ikisema kweli.

“Mwanangu,” akamwuliza tanboi kwa upole, “hapa mliongeza nini?”

“Yalipungua, mzee. Tukatia maji ya kisima.”

Ardhi ya Gede ni jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa. Yaliwanywesha watu wa mji wa kale wa Gede, waliozihama nyumba zao katika karne ya 17, lakini katika tundu la injekta hugeuka jiwe. Fundi akaifungua injekta, nayo imeota fuwele nyeupe mfano wa chumvi ya Gongoni. Akailoweka katika maji ya vuguvugu yaliyotoneshwa, asiiparuze kwa waya, akangoja. Ustadi wenyewe niliuona katika kungoja huko, kwa mtu ambaye angeweza kuuza sensa na kulipwa mara dufu.

Tangi likamwagwa, likasuuzwa, likajazwa maji mapya yaliyohifadhiwa kivulini, kwa kuwa jua la pwani huyaharibu. Taa hakuifuta kwa mashine, ingawa aliweza; alitaka lori lenyewe liizime. Akapanda kando ya dereva, wakashika njia ya Malindi, naye fundi haitazami barabara, macho yote yako kwenye dashibodi.