Barabara Inayofuata Maji: Kutoka Mont-Saint-Michel hadi Ploumanac'h

Jamani, bahari inaondoka kweli! Kwetu pwani, maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 au 4, na sisi tuliokulia ufukweni tunaamini tumeshaona yote. Basi nenda kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel, siku ya bamvua kubwa. Tofauti ya maji yakijaa na yakipwa inakaribia mita 14! Ni kimo cha jengo la ghorofa nne, linafunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku. Asubuhi unatazama mchanga hadi macho yanachoka. Ukirudi jioni, mchanga wote huo umekuwa bahari. Na pembeni ya maajabu hayo inapita barabara ndogo ya mashambani. Nimeipita kwa mara ya kwanza, polepole, madirisha wazi, na moyo bado unanidunda.

Kwa barabara kuu, kutoka hapo hadi Ploumanac'h katika mkoa wa Bretagne ni kilomita 200 hivi, na Bretagne haina barabara za kulipia. Mwenye haraka anamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mwenye haraka atakosa kila kitu! Safari hii haiendeshwi kwa saa ya mkononi, inaendeshwa kwa maji. Wafaransa hupima nguvu ya kila kujaa na kupwa kwa maji kwa namba, kuanzia 20 hadi 120. Ikipita 100, jua bamvua kubwa limefika. Ratiba yake inauzwa katika kijitabu chembamba kwenye maduka ya magazeti. Kinunue kabla hujajaza petroli. Mimi kilinisaidia kuliko ramani, kwa sababu ramani inakuonyesha mahali palipo, ilhali kijitabu kinakuambia kama ikifika saa tisa patakuwa nchi kavu au maji.

Gari unaliacha bara, kilomita 2 na nusu kutoka kisiwa cha Mont-Saint-Michel, kisha unapanda basi la bure au unatembea. Tembea! Daraja lililofunguliwa 2014 limewekwa juu ya nguzo nyembamba kwa makusudi, ili maji yapite chini yake na kusomba tope lililokuwa likikigeuza kisiwa kuwa bara. Kadiri unavyokaribia ndivyo mlima wa mawe unavyokua, abasia juu ya nyumba, mnara juu ya abasia, na juu kabisa malaika Mikaeli wa dhahabu, kazi ya mchongaji Emmanuel Frémiet, aliyewekwa 1897. Kichochoro cha chini kimejaa maduka ya zawadi, na mchana watu wanasongamana, pita upesi. Panda ukutani alasiri, wageni wakianza kuondoka, ukayangoje maji. Yanaingia kwanza kama mstari unaong'aa kwa mbali, halafu mifereji inajaa, halafu unageuka kuangalia upande mwingine na tayari yamekuzunguka. Ila usishuke mchangani bila kiongozi anayeujua. Kuna mahali pa kuzama.

Kutoka hapo shika barabara ya D155 inayokumbatia ghuba. Upande mmoja vinu vya upepo vya zamani na kondoo wanaolishwa majani yenye chumvi, upande wa pili kome waliofugwa juu ya safu za nguzo za mbao, maelfu, zikiibuka maji yakipwa. Wakulima wa bahari huwaendea kwa trekta. Trekta, katikati ya bahari!

Halafu Cancale. Ee Mungu wangu, Cancale! Bandarini, karibu na mnara mdogo wa taa, kuna vibanda vya chaza. Unachagua, unafunguliwa papo hapo, unapewa limau, unakwenda kukaa kwenye ngazi za ukuta ukiwa umeelekea mashamba yaleyale walikotolewa. Maganda unatupa chini ufukweni, kama wanavyofanya wote, na ufuko wote umekuwa mweupe kwa maganda. Siku ya mwanga mzuri, Mont-Saint-Michel inaonekana ng'ambo ya ghuba. Kuna mikahawa ya kifahari mjini, lakini kwangu hakuna meza inayozishinda ngazi zile.

Barabara ya D201 inapanda hadi rasi ya Grouin kisha inateremka kuelekea Saint-Malo, mji wa ngome wa mawe ya kijivu. Uliungua karibu wote Agosti 1944, ukajengwa upya kwa uangalifu hata mgeni hawezi kujua. Zunguka juu ya ukuta wake wote, ni mwendo wa kilomita 2 hivi, kisha shuka maji yakipwa uvuke kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand katika kaburi lisilo na jina, linaloitazama bahari. Angalia kijitabu chako! Ukichelewa, maji yanafunga njia na utabaki kisiwani saa kadhaa.

Ukutani pale nilisimama kwa sababu nyingine. Mahé de La Bourdonnais, aliyekuwa gavana wa Morisi na Réunion, na ambaye kisiwa cha Mahé huko Shelisheli kina jina lake, alizaliwa mji huu mwaka 1699. Bandari ya Port Louis aliyoiendeleza ilijengwa kwa jasho la watumwa, wakiwemo waliotolewa Madagaska na Msumbiji. Ukitoka upande wetu wa Bahari ya Hindi, huwezi kutazama nyumba ndefu za matajiri wa Saint-Malo bila kuwakumbuka watu hao, na haifai kutowakumbuka.

Ukiondoka mjini kuelekea Dinard, barabara inapita juu ya bwawa la mto Rance, na hapo nilipiga kelele garini. Chini ya magurudumu yako kuna mitambo 24 inayozalisha umeme kwa nguvu ya maji kupwa na kujaa, megawati 240, tangu 1966! Ndiyo stesheni kubwa ya kwanza ya aina hiyo duniani. Na zikija mashua, daraja linanyanyuliwa, magari yote yanasimama, madereva wanazima injini na kutazama milingoti ikipita. Hakuna anayepiga honi.

Niseme ukweli mmoja: barabara ya D786, inayoendelea kuelekea magharibi, mara nyingi inaificha bahari nyuma ya vichaka na mashamba ya mboga. Ukibaki juu yake tu utauliza sifa zote hizi ni za nini. Dawa ni kukata kulia kila unapoona kibao cha rasi au ufuko, hata kama kijia ni chembamba kupita gari moja. Njaa ikiuma, tafuta galette, mkate mwembamba wa unga wa sarrasin (buckwheat) unaookwa kwenye chuma bapa na kupakwa siagi ya chumvi. Ule wa kawaida una nyama ya nguruwe. Asiyekula aombe wa yai na jibini, nao ni mtamu ajabu.

Kukata kulia ndiko kulikonifikisha Cap Fréhel. Majabali ya mita 70 yanakatika wima hadi baharini, ndege wa baharini wamejazana kwenye nyufa, na kilele kizima kimetandazwa maua ya zambarau na manjano. Ng'ambo ndogo tu imesimama ngome ya La Latte ya karne ya 14, ambako sehemu ya filamu ya The Vikings ya 1958 ilipigwa. Upepo ulitaka kuniondolea mlango wa gari!

Na Ploumanac'h sasa. Miamba ya waridi! Itale yenye umri wa miaka milioni 300 hivi, imemomonyolewa na kurundikwa katika maumbo ambayo akili inakataa, na mnara wa taa umejengwa kwa jiwe hilohilo. Egesha mjini Perros-Guirec, kwenye ufuko wa Trestraou, utembee kwa njia ya kale ya walinzi wa forodha. Jua likianza kushuka, waridi inageuka kuwa moto.

Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Chagua Septemba, maji bado yanaogeleka na umati wa Agosti umekwisha. Chukua leseni ya kimataifa ya udereva, omba gari dogo, zoea upande wa kulia kabla ya kuingia mizunguko yao, jaza mafuta kwenye vituo vya maduka makubwa kwa kuwa ni nafuu. Tafuta siku zenye namba inayozidi 100, na chumba cha Cancale kiwekee nafasi mapema, maana Wafaransa nao wanakisoma kijitabu hicho.