Diouana Anazungumza na Nani?

Anayeitazama La Noire de... ya Ousmane Sembène kwa mara ya kwanza hukwama mahali pamoja. Diouana, binti wa Dakar asiyejua kusoma, ambaye mbele ya mabosi wake Wafaransa hatamki zaidi ya ndiyo bwana, ndiyo bibi, amekipata wapi Kifaransa hiki kilichonyooka anachowaza nacho muda wote?

Filamu hii ya takriban saa moja ilitoka 1966 na mwaka huohuo ikapata Tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa. Sauti ya ndani ya Diouana bado inawagawa watazamaji. Wapo wanaoiona kama mkongojo wa mwongozaji aliyeshindwa kuonyesha, akaamua kueleza. Wengine wanasema bila sauti hiyo Diouana angebaki mtu wa kupita na sinia nyuma ya wazungu, kama alivyo machoni pa mabosi wenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, ila si kwa filamu nzima.

Kwanza kazi yenyewe ilivyofanywa. Sauti haikurekodiwa pamoja na picha. Maneno yote yaliingizwa baadaye. Mwili tunaouona ni wa Mbissine Thérèse Diop, Msenegali, na sauti tunayoisikia ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Upungufu huo wa vifaa Sembène akaugeuza mtaji. Mabosi wanazungumza vinywa vikiwa wazi, maneno ya Diouana yanakuja midomo imefungwa. Anapiga deki, anaosha vyombo, anakoroga chungu, na juu ya kazi hiyo ya kimyakimya inapita hoja ambayo hakuna mwingine ndani ya nyumba anayeisikia.

Na sehemu kubwa ya hoja hiyo ni maswali. Meli inatia nanga Ufaransa, Diouana anashuka, nasi tunamsikia akijiuliza kama kuna mtu aliyekuja kumpokea. Baadaye, katika fleti ya Antibes, anauliza watoto wako wapi, maana Dakar aliajiriwa kuwa yaya. Anauliza mbona anapika, mbona anafua. Picha inatuonyesha kazi. Sauti inauliza kazi hiyo alikubaliana na nani. Robert Bresson, katika filamu yake ya 1951 kuhusu shajara ya kasisi wa kijijini, aliufanya urudiaji kuwa mtindo: mkono unaandika, sauti inasoma, kisha tunaliona tukio lilelile. Kwa Sembène picha na sauti ziko kwenye ugomvi.

Sisi tuliozoea msimulizi wa filamu DJ Afro atusimulie filamu nzima hatuna uso wa kulalamika kwamba sauti imezidi. Lakini DJ Afro anazungumza nasi. Diouana hana wa kuzungumza naye.

Turudi kwenye Kifaransa. Mabosi wanaalika wageni chakula cha mchana. Mmoja anainuka na kumbusu Diouana kwa sababu hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Mezani wanajadili kama anaelewa lugha, na mtu anasema anaelewa kwa silika tu, kama mnyama. Sisi watazamaji tumeshamsikia akiwaza kwa lugha yao, tena kwa ufasaha. Angewaza kwa Kiwolofu, uhalisi ungeongezeka, ila mtazamaji Mfaransa wa 1966 angepata upenyo wa kukaa upande wa wale wageni. Hata hivyo hoja ya uhalisi haifi. Filamu ndefu iliyofuata ya Sembène, Mandabi ya 1968, ilizungumza Kiwolofu.

Onyesho linalonikaa zaidi ni la barua. Barua imetoka kwa mama yake Diouana, na bosi anamsomea. Kisha bosi huyohuyo anachukua kalamu aandike majibu, akiyatunga mwenyewe, huku Diouana yuko kando. Ndani yake tunasikia kwamba barua ile si yake. Mkono unainuka, karatasi inachanwa. Hapo ubishi wote kuhusu sauti umewekwa ndani ya hadithi yenyewe: nani amepewa ruhusa ya kusema kwa niaba ya nani.

Sauti inapoharibika ni karibu na kifo cha Diouana. Diouana anapanga sanduku lake, na sauti inaorodhesha yale ambayo bibi hatamfanyia tena, hadi kusema hatakuwa mtumwa. Tulishayaona hayo mikononi mwake alipoichukua tena barakoa aliyowazawadia mabosi, na alipokataa mshahara. Hapa wapinzani wako sahihi.

Baada ya Diouana kujiua bafuni, sauti inakatika na hairudi. Bosi anasafiri hadi Dakar kurudisha sanduku na barakoa, anamtolea mama pesa, na mama anazikataa bila hotuba. Mtoto mmoja anaivaa barakoa na kumfuata bosi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mzungu anaongeza mwendo kurudi kwenye gari lake. Hakuna wa kutueleza mtoto anawaza nini. Dakika hizo zinatisha kwa sababu tulishazoea kumsikia mtu, na sasa hayupo. Mwongozaji aliyeitumia sauti kwa uvivu asingekuwa na kimya hicho cha kutumia.

Ningekuwa kwenye chumba cha uhariri, ningefuta ile orodha ya kwenye sanduku. Mengine yote ningeyaacha, pamoja na Kifaransa chake.