Kigingi cha Udi na Hukumu ya Mkono

Aghalabu mwenye udi ambao kigingi chake kimelegea humwendea fundi kwa haja moja tu, nayo ni kwamba uzi ukishakazwa usirudi nyuma. Na kwa kuwa haja yake ni hiyo, hutoka karakanani ameridhika madhali kigingi kimekaa, asijue kwamba kukikalisha kigingi ni kazi ambayo hata nyundo huiweza, ilhali kukifanya kigeuke kwa wepesi, kikome pale mkono ulipokikomesha, na kidumu hapo hata wimbo uishe, ni kazi ya ustadi. Utii na uthabiti ndiyo mizani ya kuhukumia kazi hii, na fundi aliyepata moja akakosa la pili hajatengeneza kitu.

Udi wa taarabu, wa namna iliyozoeleka katika vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, kwa kawaida una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene usio na mwenzake. Kila uzi hufungwa katika kigingi cha mti kinachopita katika kuta mbili za kichwa kilichopindwa nyuma, wala hapana skrubu wala jino la chuma lishikalo chochote. Kinachouzuia mvuto wa uzi ni msuguano mtupu wa mti kwa mti. Ndiyo sababu kigingi huchongwa kikawa kinene upande wa kishikio na chembamba upande wa ncha, na matundu yake yakapanuliwa kwa mteremko uleule, ili kila kisukumwapo ndani kizidi kushika. Katika fidla, ambayo vigingi vyake ni ndugu wa hivi, mteremko uliozoeleka siku hizi ni milimita 1 ya unene kwa kila milimita 30 za urefu. Qanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70 zinazokazwa kwa ufunguo, ina sheria zake, nami siiingilii hapa.

Kabla ya kuisifu kazi ya fundi au kuilaumu, mtu mwenye insafu huuliza kwanza kama kigingi kilikuwa na hatia kweli. Uzi mpya wa nailoni hunyumbuka kwa siku kadhaa, na sauti yake hushuka bila ya kigingi kusogea hata unywele. Uzi uliokwama katika mfuo wa kidaraja kilicho juu ya shingo hugoma, kisha huruka kwa mlio mdogo mkali, mpigaji akadhani kigingi kimeteleza. Na uzi uliozungushwa ovyo katikati ya kichwa haukisaidii kigingi, lau ungelizungushwa ukisogea kuelekea ukuta wa upande wa kishikio ungelikivuta ndani na kukishikisha wenyewe. Kadhalika hali ya hewa. Mti hunywa unyevu wa masika ukavimba, na ukikauka husinyaa; udi uliozoea hewa ya bahari, ukilazwa katika chumba chenye kiyoyozi, huweza kulegea vigingi vyake vyote kwa pamoja. Vikilegea vyote, hewa ndiyo ya kushukiwa, na fundi akimbiliaye kupanua matundu katika hali hiyo anaharibu mali ya watu. Mimi humwamini zaidi yule aufunguaye uzi, akauzungusha upya kwa taratibu, akaurudisha udi kwa ujira mdogo, kuliko yule ambaye vyombo vyake vimeshatoka mkobani kabla hujamaliza kueleza.

Ikiwa kigingi kimetengenezwa kweli, omba kitolewe, ukisogeze dirishani ukitazame ubavuni. Kigingi chema kina pete mbili za mng'ao, moja karibu na kishikio na moja karibu na ncha, mahali hasa kinapokutana na kuta mbili za kichwa. Na pete hizo ziwe zimezunguka duara zima, upana wake ni ule wa ukuta, rangi yake moja, bila ya pengo. Pete ikiwa moja tu, jua ya kwamba mteremko wa kigingi si ule wa tundu, nacho kinashika ukuta mmoja na kuning'inia katika wa pili, hata kikikazwa vipi. Pete ikiwa imekatika, yaani ina mng'ao pande mbili zinazokabiliana na weusi mkavu kati yake, kigingi au tundu limepoteza uduara. Na hili ni jambo la tabia ya mti wenyewe, kwani mti husinyaa zaidi kwa kufuata pete zake za ukuaji kuliko kuelekea kiini chake, hata kigingi kilichokerezwa kwa mti usiokauka sawasawa hakikosi kugeuka yai.

Kisha kirudishe, ukigeuze polepole bila uzi. Mkono usikute mahali pazito na mahali pepesi. Usisikie mkwaruzo wala mlio. Kigingi kinachogoma mara mbili katika mzunguko mmoja kinakiri ila yake chenyewe.

Juu ya dawa zinazopakwa, sina maneno mengi: chaki kidogo huongeza kushika, sabuni kavu kidogo huongeza wepesi, na fundi ajuaye huvichanganya kwa kiasi hata mng'ao usifunikwe. Akitia sherisi, au karatasi iliyokunjwa, au akakwaruza kwa msasa mpaka ubavu wa kigingi ukawa na mabonde, hapo hadhari, kwa sababu kigingi kitashika leo na kitakula tundu kesho.

Mtihani mkubwa ni tundu lililokwisha kupanuka mno. Fundi mvivu huchonga kigingi kinene zaidi, na dosari zake ni mbili: ukuta baina ya tundu na tundu hudhoofika mpaka ufa ukatokea, na kigingi kinene hukusanya uzi mwingi kwa mgeuzo mdogo, hata mpigaji akitafuta sauti yake hupita juu, akirudi hupita chini. Fundi hodari huliziba tundu la zamani kwa mti mgumu, kisha hutoboa jipya katikati ya kizibo hicho. Kazi hiyo huonekana nje kama duara jembamba kukizunguka kigingi. Litazame vyema, na likiwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, tundu limehama mahali pake. Kigingi kipya cha mpingo ni kizuri, lakini usikupumbaze weusi wake, kwani mti wowote hupakwa rangi. Kwaruza kidogo ndani ya kitundu cha uzi utazame.

Hatimaye kaza nyuzi zote, piga ule uzi mnene kwa nguvu, uache udi ulale mpaka asubuhi, ndipo usikilize tena. Na kigingi cha zamani ni chako: fundi hana haki ya kukitupa, na pete zake zitakuonyesha ugonjwa ulikuwa wapi. Kidai kabla hujalipa.