Akiki ya Kioo: Namna ya Kupima Shanga Nyekundu za Isiolo
Sokoni Isiolo, Wasamburu, Waborana, Waturkana na Wasomali wanapokutana kwa biashara, huenda ukaoneshwa shanga nyekundu kuukuu ukadhani ni jiwe la akiki. Nyingi ni kioo, na hilo lisikuvunje moyo. Akiki ya Khambhat, India, ilifika pwani yetu kwa karne nyingi. Mafundi wa Venice wakaiga wekundu wake, na kioo chao ndicho kilichoingia katika mporo, mkufu wa ndoa wa Wasamburu. Kioo hicho kina ubora wake, nao hupimika.

Anza na tundu. Shanga bora za karne ya 19 zina tabaka mbili: kiini cheupe kilichovikwa kioo chekundu. Weupe wa ndani hurudisha mwanga, ndiyo maana wekundu unawaka. Aina iliyotangulia ina kiini cha kijani na wekundu wa tofali. Chungulia: mpaka wa rangi uwe safi, na ganda liwe na unene mmoja kuzunguka pande zote. Palipo pembamba patapauka. Akiki yenyewe haina ganda; mara nyingi tundu lake lilitobolewa kutoka pande mbili, na utaona kijingazi pale kekee zilipokutana.

Kisha elekeza ushanga juani. Akiki ina mawingu na mistari. Kioo kina viputo. Viputo vilivyorefuka sambamba na tundu ni alama ya bomba la kioo lililovutwa likakatwa vipande. Mikunjo inayolizunguka tundu huonesha kioo kilichoviringwa moto juu ya waya. Mshono ubavuni ni wa kalibu, bei ishuke.

Mwisho, pima uchakavu. Shanga zilizovaliwa miaka mingi husuguana ncha kwa ncha: ncha zinakuwa bapa na laini, mdomo wa tundu unapanuka, na udongo mwekundu wenye mafuta unaganda ndani. Ushanga uliofifia sawasawa kila mahali huenda umechovywa tindikali. Mwombe mwenye mali: “Mama, naomba uusogeze huu kwenye uzi, nione ncha zake.”

Ukikuta mporo mzima, usiombe ufumuliwe uuziwe shanga mbili tatu. Kulinganisha wekundu wa shanga nyingi, uzi kwa uzi, ni kazi ya jicho la aliyeutunga, na ubora huo haununuliki kwa ushanga mmoja mmoja.