Jicho lisilo na jina: Sura ya mtu katika maandishi na picha za Katanga

Panda ni mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Historia yake haitengani na viwanda vya shaba vya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, wala na Gécamines iliyoirithi baada ya kutaifishwa kwake mwaka 1967. Katika kambi za kampuni hiyo mfanyakazi alikuwa na namba na faili kabla ya kuwa na jirani. Posho ilifuata hesabu ya mke na watoto wake. Hivyo aliyegawa unga alijua pia nani amelala nyumbani mwa nani. Kwa sababu hiyo, suala linalozungumzwa leo katika nchi za ng'ambo, la maduka yanayotambua nyuso za wateja kwa kamera na kompyuta, si geni kwa mkazi wa Panda kama linavyoweza kudhaniwa. Makala haya yanakusudia kupima kazi mbili za Katanga zinazosaidia kulifikiri suala hilo: maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 na picha za Sammy Baloji ziitwazo Mémoire, za mwaka 2006.

Inafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Mnamo Desemba 2023 tume ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi ililipiga marufuku kampuni la maduka ya dawa la Rite Aid lisitumie utambuzi wa nyuso kwa miaka 5. Tume ilieleza kwamba kati ya mwaka 2012 na 2020 mamia ya maduka hayo yalilinganisha kwa siri nyuso za wateja na orodha ya watu walioshukiwa wizi. Kwamba mitambo ilikosea mara nyingi, na zaidi katika mitaa ya watu weusi na ya watu wenye asili ya Asia. Na kwamba wateja wasio na hatia walifuatwa, wakatuhumiwa mbele ya jamaa zao au wakafukuzwa. Mtoto wa miaka 11 alisimamishwa na kupekuliwa. Kosa la mtambo lilimwangukia mtu ambaye hakujua hata kwamba alikuwa anatazamwa.

Lugha ya Kiswahili ina namna ya kulitaja tatizo hili kwa usahihi. Kitenzi kutambua kimezaa kutambulisha, na kutoka hapo likapatikana jina kitambulisho, yaani chombo cha kumfanya mtu ajulikane. Lakini muungwana anapoingia nyumba ya watu hujitambulisha. Kiambishi kirejeshi -ji- ndicho kinachobeba heshima yote ya tendo hilo: mtu mwenyewe ndiye huchagua wakati, jina na kiasi cha habari atakachotoa. Duka lenye kamera ya aina hii huondoa -ji-, na mtu hubaki katika hali ya kutendwa: hutambuliwa. Lipo pia neno zito zaidi, kuumbua. Mzizi wake ni umba, na kiambishi -u- hutengua tendo; kumwumbua mtu ni kama kulibomoa umbo lake mbele za watu. Neno la upande wa pili ni sitara. Faragha, ambalo sheria za Tanzania na Kenya zimelipokea, hutaja hali ya kuwa peke yako. Sitara hutaja jambo ambalo wengine wanapaswa kukutendea hata unapokuwa katikati yao. Mteja wa duka hayuko faraghani. Hata hivyo anastahili sitara.

Maandishi ya Yav, yanayojulikana kama Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, yaliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, yakatolewa upya na Johannes Fabian mwaka 1990. Jina lake linaahidi msamiati, lakini msomaji hupata historia ya mji kama ilivyoonwa na waliopika, waliofua na waliofungua milango. Thamani yake kubwa iko hapo. Mtumishi alitazamwa saa zote, lakini naye alitazama. Aliijua meza ya bwana na hasira zake. Wazungu walipewa majina ya kupanga, na majina hayo yalisambaa mjini na kudumu kuliko mikataba yao ya kazi. Jina la kupanga lilikuwa hukumu ya wanyonge: aliyeshika daftari la namba alijikuta naye ameandikwa katika daftari jingine, lililohifadhiwa vinywani mwa watu.

Upungufu wa kazi ya Yav ni kwamba yenyewe inajali sana majina ya mabwana, ilhali watumishi mara nyingi husema kama kundi, na nyuso zao mmoja mmoja hazionekani. Upungufu huo Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, anaonekana kama anaujaza. Katika Mémoire alichukua picha za kale za rangi nyeusi na nyeupe kutoka hifadhi za kampuni, akawakata wafanyakazi waliomo na kuwaweka juu ya picha za rangi za viwanda vilivyochakaa. Wafanyakazi wanasimama wakiikabili kamera, na nyuma yao ni mabati yaliyotoboka na vyuma vilivyokufa. Mtazamaji hawezi tena kuwahesabu tu, anatazamwa nao.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza swali gumu. Watu hao walipigwa picha kwa matakwa ya kampuni, na hakuna aliyewauliza mara ya pili kabla ya kutundikwa katika kumbi za maonyesho. Je, msanii hakurudia kitendo cha hifadhi? Jibu la haki ni kwamba alikirudia kwa sehemu, lakini kwa kukifichua. Picha zake hazifichi mkasi. Mpaka kati ya mtu na magofu unaonekana wazi, na mtazamaji anajua kwamba uso huu umehamishwa. Duka linalotambua nyuso hufanya kinyume: huhamisha uso kutoka mlangoni hadi kwenye orodha, na mkasi hauonekani.

Kuna watakaopinga kwamba hata sokoni Likasi muuzaji humjua mnunuzi kwa uso, na kwamba mwenye duka ana haki ya kujilinda na wezi. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini hazitoshi. Muuzaji wa sokoni naye hujulikana. Akimsingizia mtu, wapo wazee wa kumwita na kumtaka radhi. Tena husahau. Ulinzi wa duka nao una mlinzi mwenye uso, anayeweza kusalimiwa, kubishiwa na kupewa jina la kupanga. Mtambo haujulikani, hausahau, na hakuna jina lililoushika.

Hapa ndipo suala linapowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Kongo ilipata mwaka 2023 sheria ya mambo ya dijitali ambayo inalinda pia data za watu binafsi. Imeandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa katika Katiba ya 2006, na ndicho kinachonunua unga Panda. Mtu aliyesingiziwa dukani hataweza kudai haki ambayo hajawahi kuisikia katika lugha anayolalamikia. Nchini Kenya, mwaka 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake; shauri kama hilo huanza pale mlalamikaji anapokuwa na neno la kusema. Wazee wa Yav hawakuwa na sheria, lakini walikuwa na maneno, na kwa maneno hayo waliwatazama waliowatazama. Jicho jipya bado halijapewa jina. Kulipa jina, kwa Kiswahili ambacho Panda inakielewa, ni kazi ambayo idara za lugha haziwezi kuwaachia wauza mitambo.